Shimo la Udongo Nyuma ya Karakana

Shule yetu ya sanaa hapa Kolwezi, kwa mujibu wa wakubwa, ilianzishwa ili kukuza vipaji vya vijana wa mkoa. Kwa mujibu wa mwalimu wangu, aliyekuwepo siku ya kwanza, ilianzishwa kwa sababu kampuni ya zamani ya mgodi ilikuwa na mabaki mengi ya shaba na wageni wengi waliotaka kurudi kwao na kitu cha kutundika ukutani. Katikati ya mambo hayo mawili alihitajika mtu mwenye nyundo. Basi wakachukua jengo lililokuwa kantini ya wafanyakazi, wakatoa masufuria, wakaingiza meza, wakaandika mlangoni "Sanaa". Harufu ya maharage ilikataa kuhama. Hadi leo mvua ikinyesha darasa la kuchora linanukia chakula cha mchana, na wanafunzi wapya hutazamana kwa wivu, kila mmoja akidhani mwenzake ameficha sahani.

Miaka hiyo kazi ilikuwa moja: kugonga bati la shaba kwa nyuma mpaka picha itokeze mbele. Mwanamke anatwanga. Tembo anapita. Ukiwa hodari sana, mwanamke anatwanga na tembo anapita nyuma yake, na wala hamwogopi. Kila ofisi ya kampuni ilikuwa na tembo wake. Kisha kampuni ikadhoofika, ofisi zikafungwa moja moja, tembo wakakosa kuta, na shule ikalazimika kujifunza kuishi. Mwalimu wangu akaongeza uchoraji, akaongeza ufinyanzi, na bila kumwambia mtu wa wizara akaongeza mabango ya barabarani. Ukipita leo mtaa wa Manika hapa mjini, kuanzia sokoni hadi maofisini, kila saluni na kila duka la vipuri vya pikipiki lenye herufi zenye kivuli chini yake, ujue ni mkono wetu.

Tulichora pia Njia ya Msalaba kwa parokia moja ya mjini. Mtu pekee aliyekubali kukaa saa nzima bila kutikisika alikuwa mlinzi wa shule, kwa hiyo Pilato, Simoni wa Kirene na askari wote wa Kirumi wana sura yake. Yeye ni Mprotestanti. Alipokwenda huko kwenye harusi ya mpwa wake, akajiona ukutani anampiga Bwana Yesu mijeledi, alitoka nje kabla ya mahubiri na hakutusemesha wiki mbili.

Mimi niliingia nikiwa na miaka kumi na tisa, binti wa fundi umeme wa mgodi. Baba alitaka niwe muuguzi. Aliposikia sanaa aliuliza tu, "Ile njo kazi gani?" akaendelea kula. Mimi nilikuwa na vidole vinavyopenda udongo, na mwalimu aliliona hilo wiki ya kwanza. Akanikabidhi shimo.

Shimo hilo lilikuwa nyuma ya karakana, lina kina cha magoti, na ndimo tulimotoa udongo wa kufinyangia. Udongo wenyewe ulikuwa wa kijivu, laini, usio na mchanga. Mwalimu aliusifia kuliko alivyomsifia mwanafunzi yeyote. Sheria yake ilikuwa fupi.

"Mu hii shimo kitu yoyote isiingie," aliniambia. "Hata mate yako."

Sasa lazima nieleze jambo la pili, maana bila hilo kosa langu halitaeleweka. Rangi za dukani zilikuwa ghali na zilichelewa kufika, kwa hiyo tulijitengenezea wenyewe. Nyekundu tuliitoa kwenye udongo wa barabara, nyeupe kwenye chokaa. Kijani tuliisaga kutoka malakaiti, lile jiwe la shaba, na nyeusi tuliisaga kutoka mawe meusi mazito yanayoanguka kutoka kwenye malori, yale yenye kobalti. Kila Ijumaa ungeweza kutukuta tumeketi uani, watoto wa wachimbaji na wa wanunuzi, tunatwanga kinuni kitu ambacho mji mzima unakivunjia migongo, ili tukapakae kwenye picha ya mti. Na bado hakuna aliyeweza kutwanga jiwe kabla ya kulipima kwanza kiganjani, kulirusha juu kidogo, kulidaka na kutikisa kichwa kama mtaalamu. Watu wa kwetu hatuwezi kuliacha jiwe hivihivi. Hata bibi kizee akijikwaa njiani, huliokota kwanza na kulipima, ndipo analia.

Wiki ya maandalizi ya maonyesho ya mwisho wa mwaka niliachiwa mabeseni matatu ya makapi ya rangi niyaoshe, mawili ya kijani na moja la nyeusi. Mahali pa kumwagia palikuwa ng'ambo ya uwanja, na jua lilikuwa kali. Shimo langu lilikuwa hapo miguuni. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikamwaga. Usiku mvua ikanyesha, ikayatandaza makapi vizuri kwenye kuta za shimo, michirizi ya kijani na madoa meusi, kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka ule.

Kesho yake alikuja mteja. Alikuwa kiongozi wa kundi la wachimbaji, na viongozi wa aina hiyo kwetu huitwa PDG, sawasawa na mkurugenzi wa kampuni, hata kama kampuni yenyewe ni kamba, makoleo na vijana kumi. Alitaka sura yake igongwe kwenye shaba, na saa ya mkononi ionekane. Mwalimu alikuwa anachora mchoro wa kwanza simu ilipolia, PDG akatoka nje kuongea, akazunguka nyuma ya karakana. Aliporudi uso wake ulikuwa mwingine. Hakuuliza tena habari za saa.

"Tata prof," alisema, "picha yangu itangoja. Nitarudia kesho."

Kesho alirudi kweli, na vijana wake wote, na vyuma vya kuchimbia, na magunia mapya, na chifu wa mtaa, na nusu ya mtaa wenyewe. Alikuwa tayari ameshachukua konzi ya udongo wangu akaipeleka kwa wanunuzi wa madini, na mashine yao ya kupimia ikasema kobalti ipo, tena ya kuridhisha. Mashine haikukosea. Ilikuwa imepima beseni langu la tatu.

Mtu asiyejua mji wetu atacheka. Lakini sisi tulishaona kule Kasulo, mtaa wa hapa hapa mjini, watu wakivunja sakafu za vyumba vyao vya kulala na kushuka chini ya vitanda, na wengine wakiipata kweli. Hapa hakuna ardhi unayoweza kuapia kwamba haina kitu. Chifu wa mtaa alizungumza kwa upole: kama mali ipo, shule itahamishwa, itapewa kiwanja kizuri nje ya mji, njia ya Sandoa. Alisema neno "kizuri" bila kututazama. Tulijua kiwanja hicho ni majani na nyoka, na kwamba shule ya sanaa ikishabebwa kwenye lori haishuki tena ikiwa shule.

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa amefika mlango ule akiwa kijana, na sasa nywele zilikuwa nyeupe. Hakuwa na nyumba aliyoijali, mke alikuwa amefariki, watoto walikuwa Lubumbashi. Alichokuwa nacho ni kantini ile inayonuka maharage. Akatoa funguo za shule mfukoni, akaanza kuzihesabu moja moja. Nilitamani ardhi inimeze, ila si pale, maana wangenifukua.

Nikamvuta kando.

"Tata prof, ni mi. Mi njo nilimwanga marangi mu shimo."

Akazirudisha funguo mfukoni.

"Ulimwanga mabeseni ngapi?"

"Tatu."

"Na fasi ya kumwangia iko mbali gani?"

"Hatua makumi ine."

"Makumi ine," alirudia ile arobaini yangu, kama anayejaribu ladha ya kitu. "Juu ya hatua makumi ine, unatupotezea shule muzima. Kwenda, bambie."

Nikaenda nikawaambia. Nilipanda juu ya tofali, nikapaza sauti mbele ya mtaa wote: "Haina mali! Ni marangi! Shiye tunasagaka ile mawe, na mi njo nilimwanga!"

Halafu mama mmoja muuza mikate akaangua kicheko, na wengine wakafuata.

"Ati banasaga kobalti juu ya kuchora muti!" alisema, akijifuta machozi. "We mutoto, hata kudanganya hujue."

PDG hakucheka. Alikuja karibu akanipiga bega kwa heshima, mtu wa biashara kwa mtu wa biashara.

"Mama," akasema, "hata mi, kama ile shimo ilikuwa yangu, ningesema vilevile."

Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu kusema ukweli wote mbele ya halaiki, na ulinipa sifa ya ujanja iliyodumu miaka. Hata baba aliposikia alinitazama kwa jicho jipya.

Basi mwalimu akafanya jambo lililotushangaza wote. Aliwapa ruhusa. Alisema watachimba pale pale shimoni, hatua moja isizidi pembeni, mpaka mita sita, na udongo wote utakaotoka waupange barazani mwa shule. Jumamosi jioni watasimama. Jumatatu PDG na chifu watashuka kutazama kuta na kuchukua sampuli nyingine kutoka chini, ambako hakuna mvua wala beseni lililofika. Ikikutwa mali, shule inaondoka bila maneno. Isipokutwa, wanaondoka wao. Chifu akapenda, kwa kuwa hakutakiwa kuamua chochote.

Walipotawanyika mwalimu aliniuliza polepole, "Ile rangi ya majani yote ni yako?"

"Sijue, tata."

Akatikisa kichwa. Hakunikasirikia, na hilo liliniumiza kuliko kofi.

Walichimba siku tatu. Sijawahi kuona vijana wanaofanya kazi vile, na sijawahi kuona darasa linalofundishwa vile, maana mwalimu alitutoa nje wote na mbao zetu za kuchorea, akatuketisha kuzunguka shimo. Alisema kwa miaka yote amekuwa na kielelezo kimoja tu, mlinzi, na leo Mungu amemletea kumi, tena wasiojali kutazamwa. Tulichora migongo, kamba zikivutwa, mguu unaotafuta pa kukanyaga. Wachimbaji wakipumzika walikuja kujitazama. Mmoja alilalamika kwamba tumempunguzia misuli, mwanafunzi akamwongezea, na wenzake wakataka waongezewe pia, mpaka michoro ya siku ya tatu inaonyesha majitu. Barazani udongo ulipanda kama kichuguu, na mimi, mwenye hatia, niliupanga na kuufunika kwa magunia yenye maji.

Ila usidhani nilikuwa na raha. Kila ndoo iliyopanda niliingiza mkono kwanza. Mji mzima wa Kolwezi ulikuwa ukiomba ipatikane mali, na mimi peke yangu nilikuwa namwomba Mungu ardhi iwe maskini. Jumamosi jioni walifika mita sita, wamechoka, kuta zote zimepakaa matope kiasi kwamba hakuna aliyeona kitu. Wakatoa kamba wakaenda. Jumapili hakuna aliyechimba, kwa sababu hata mwenye tamaa kubwa kiasi gani kwetu anakwenda kanisani.

Jumatatu PDG akashuka mwenyewe na tochi. Alikaa humo muda mrefu. Tulisikia anakwaruza, anagonga, anakohoa. Mtu huyu alikuwa anasifiwa mji mzima kwamba ananusa kobalti akiwa amelala kwenye basi. Alipanda na vifuko vinne vya udongo, akaenda navyo kwa wanunuzi kwa pikipiki, na sisi tukabaki tumesimama uani kama tunaongoja majibu ya mtihani. Mwalimu alikuwa anagonga bati la shaba, lakini hakuwa anatengeneza kitu, alikuwa anagonga tu.

PDG alirudi saa nane mchana. Alizima pikipiki, akavua kofia.

"Tata prof, mashine inakatala. Shimo yenu iko ya bure."

Sijawahi kusikia tusi tamu kama lile. Nililia waziwazi, kamasi na kila kitu, na yule mama wa mikate akanikumbatia akisema pole, akidhani nalilia utajiri. PDG akaomba aendelee na picha yake ya shaba, saa ionekane. Mwalimu akamtengenezea, akamwongezea na shingo, ambayo hakuwa nayo.

Kuhusu mimi, mwalimu hakunifukuza. Aliniadhibu kubeba maji hatua makumi ine kila siku mwaka mzima, na kila nilipopita alihesabu kwa sauti. Shimo akalijengea paa la mabati na mlango wa kufuli, akisema udongo mzuri usiharibiwe na mvua wala na wasichana wavivu. Ule wa barazani tuliutumia miaka mingi sana. Vyungu vyake viko majumbani, madirishani kwa mapadri, kwenye meza za maofisa wanaovitilia vipisi vya sigara. Kizazi kizima cha wafinyanzi wa mkoa huu kilijifunzia udongo uliotolewa bure na vijana waliotafuta kitu kingine, na baadhi ya vijana hao wameleta watoto wao shuleni kwetu. Niliwafundisha mwenyewe, maana nilibaki. Nilisoma, nikawa msaidizi, na mwalimu alipostaafu akarudi kwao Sandoa kulima mihogo, aliniachia nyundo zake na funguo zote. Alifariki huko. Tulikwenda kumzika na lori la kukodi, na sikuwahi kuacha kuona aibu kwamba niliwahi kumhesabisha funguo zile.

Kiangazi cha mwaka huu udongo wa barazani uliisha, nikaona nishuke mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, wanafunzi wako darasani. Niliteremsha ngazi, nikavaa taa ya kichwa, nikaanza kuchokonoa ukuta karibu na chini kabisa. Sepetu ikalia. Udongo haulii hivyo, unalia hivyo ukiwa umechomwa, kama sahani. Nikabandua tabaka la juu kwa vidole, na chini yake nikaona kigae, kikubwa kama sinia, kilichochomwa tanuruni na kupachikwa ukutani. Juu yake palikuwa pamepakwa udongo wa shimo lenyewe, umekwanguliwa alama za chuma cha kuchimbia, moja moja, hadi ile mikwaruzo midogo inayoachwa chuma kikiteleza. Katika mji wetu palikuwa na mtu mmoja tu anayeweza kufinyanga ukuta ukafanana na ukuta.

Nikakitoa. Nyuma yake palikuwa peusi, panang'aa kidogo, mshipa wa lile jiwe zito, mpana kuliko viganja vyangu viwili, unaingia ndani kuelekea chini ya darasa la kuchora. Nikachukua kipande, nikakirusha juu, nikakidaka. Kilikuwa kizito mno.

Nilikaa kwenye matope. Ndipo nilipoielewa Jumapili ile. Mwalimu, ambaye hakukosa misa hata akiwa na malaria, hakuja kanisani, na nilipomuuliza alisema kiuno kinamsumbua. Alikuwa humu, mzee wa nywele nyeupe, peke yake kwenye kamba, anaziba kwa udongo mbichi. PDG anayenusa kobalti alisimama mbele ya kazi yake na tochi, akaona matope. Baadaye, kwa utulivu wake, akarudi kuweka kigae ili kidumu. Na mwaka mzima alinibebesha maji akihesabu hatua, mzee yule, akijua mali ipo na kwamba mabeseni yangu hayakusema uongo. Nilimkasirikia sana. Kisha nikacheka peke yangu mpaka taa ikadondoka.

Sitasema kwamba alifanya haki. Wale vijana kumi walikuwa na njaa za kweli, na mshipa ule ungewajengea nyumba, au angalau ungemjengea PDG. Ninachojua ni kwamba shule ipo, na sasa unaelewa kwa nini sijakutajia jina lake.

Nilipokigeuza kigae ili nikirudishe, niliona upande wa ndani, ule uliokuwa umelitazama jiwe, umeandikwa kwa msumari kabla ya kuchomwa. Herufi zilikuwa na kivuli chini yake.

"Kama unasoma hii, we njo prof sasa. Funika."

Nililia kidogo, nikajipangusa kwa mkono wenye matope. Kigae kilikuwa kimepasuka ukingoni nilipokibandua, hakikufaa tena. Nikapanda juu, nikafunga mlango kwa kufuli, nikakanda udongo, nikafinyanga kingine cha ukubwa uleule. Nyuma yake niliandika maneno yaleyale. Kilipokauka nilikipanga tanuruni kati ya vyungu vya wanafunzi, upande wa maandishi ukitazama chini.